Harufu ya Nguo na Viatu vya Mchezo, na Jinsi ya Kuiondoa Nyumbani

Kila Jumamosi jioni vijana wa Majengo, katika mtaa wa Pumwani jijini Nairobi, hurudi nyumbani kutoka uwanja wa Kamukunji na viwanja vingine vya karibu wakiwa wamechoka, wamechafuka, na wamefurahi. Walioshinda husimulia mabao yao. Walioshindwa humlaumu refa. Kisha begi lenye jezi, soksi na viatu husukumwa chini ya kitanda, na habari yake husahauliwa mpaka siku ya mazoezi yafuatayo. Siku ya pili chumba huanza kunuka. Siku ya tatu mama hufukiza udi. Siku ya nne begi hufunguliwa, na watu wote waliomo chumbani hutoka nje.

Jambo hili huonekana kuwa la kuchekesha, lakini lina hasara zake. Kijana anayechekwa na wenzake kwa sababu ya viatu vyake huanza kujitenga nao. Mara hukaa mbali wakati wa mapumziko, mara hukosa mazoezi, na mwisho huacha mchezo kabisa, wala hamwambii mtu sababu yake, kwa kuwa aibu haisemeki. Kijana aliyeacha uwanja hana budi kutafuta mahali pengine pa kupitishia jioni zake, na mjini mahali pasipofaa hapakosekani. Tena kuna hasara ya fedha, maana viatu vinavyokaa na unyevu huachana gundi na kuoza mapema; na kuna hasara ya afya, kama itakavyoelezwa mbele.

Wazazi wengi husema kwamba dawa ya harufu hii ni kununua vifaa vipya, au kuwa na nyumba kubwa yenye ua na maji mengi. Sivyo. Kazi hii yaweza kufanywa katika chumba kimoja, kwa mtungi mmoja wa maji, kwa sabuni ya kawaida na magazeti ya zamani. Jambo linalotakiwa ni kujua harufu inatoka wapi, na kuiwahi kabla haijaota mizizi.

HARUFU INATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba jasho ndilo linalonuka. Kwa kweli jasho linalotoka sasa hivi mwilini mwa mtu mwenye afya ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa, nalo halina harufu nyingi. Harufu huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria, ambavyo huishi juu ya ngozi ya kila mtu, tajiri na maskini, msafi na mchafu. Vijidudu hivi hula jasho na vipande vidogo vya ngozi iliyokufa, navyo vikiisha kula hutoa asidi zenye harufu kali. Ni kama maziwa: yakikamuliwa hayanuki, bali yakiachwa katika chombo kichafu mahali pa joto, kesho yake huchacha.

Vijidudu hivi vinahitaji vitu vitatu: chakula, joto na unyevu. Begi lililofungwa likiwa na soksi mbichi lina vyote vitatu. Kwa hiyo kijana anayefunga begi lake Jumamosi na kulifungua Jumatano amevifuga vijidudu kwa siku nne, na amevilisha vizuri.

Miguu ndiyo yenye taabu zaidi. Miguu miwili ya mtu ina tezi za jasho zipatazo 250,000, na ndani ya kiatu jasho hilo halina njia ya kukauka. Ndiyo sababu mtu anaweza kuoga vizuri, akavaa soksi safi, na bado akanuka miguu baada ya nusu saa: vijidudu vilikuwa vikimngoja ndani ya kiatu.

Kitambaa nacho kina maneno yake. Jezi nyingi za siku hizi hazikushonwa kwa pamba, bali kwa poliesta, kitambaa kilichobuniwa Uingereza mwaka 1941. Poliesta ni nyepesi, hukauka upesi, na rangi yake haichujuki haraka. Lakini hushika mafuta ya mwili kuliko pamba. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent, nchini Ubelgiji, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watu 26 wenye afya walifanya mazoezi makali ya baiskeli, kisha fulana zao zikawekwa kando kwa muda wa saa 28, na baadaye zikanuswa na watu waliofundishwa kazi hiyo. Fulana za poliesta zilionekana kuwa na harufu mbaya zaidi kuliko za pamba, na aina fulani ya bakteria ilikuwa imestawi juu yake. Basi mama ambaye hushangaa kwa nini jezi hunuka kuliko shati la shule, ingawa zote alizivaa mtoto yule yule, jibu lake ni hilo.

MAKOSA YANAYOFANYWA MARA KWA MARA

Kosa la kwanza ni kuificha harufu. Udi ni kitu kizuri, na katika nyumba za Majengo desturi yake ni ya tangu zamani. Marashi pia yana mahali pake. Lakini udi hauui vijidudu. Mtu anayefukiza udi juu ya begi lililofungwa hupata harufu mbili badala ya moja.

Kosa la pili ni kutia sabuni nyingi kupita kiasi. Sabuni isiyosuuzwa ikatoka hubaki ndani ya kitambaa, nayo hushika mafuta na uchafu. Afadhali sabuni kidogo na kusuuza vizuri, kuliko povu jingi na maji machache.

Kosa la tatu ni kutumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo watu wengi huiita jiki. Dawa hiyo huharibu rangi ya jezi na kudhoofisha mpira wa viatu na wa glavu. Tena ina hatari kubwa: ikichanganywa na siki au asidi nyingine hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu. Vitu hivi viwili visitiwe kamwe katika beseni moja.

Kosa la nne ndilo baya kupita yote, nalo hufanyika hasa wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, na katika baridi ya Juni mpaka Agosti, wakati jua la Nairobi linapojificha. Kijana ana mechi kesho, viatu vimelowa, basi huwekwa kando ya jiko la makaa usiku, na mlango na dirisha hufungwa kwa sababu ya baridi. Kwanza, moto huyeyusha gundi na kupasua ngozi ya kiatu. Lakini hilo si kitu. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mtu akimbiaye harufu isiyoua asije akakutana na hewa isiyo na harufu inayoua. Jiko la makaa litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama viatu havijakauka. Afadhali kijana acheze na viatu vibichi, au asicheze kabisa siku hiyo.

MAJI YA MTUNGI MMOJA

Mtaa wa Pumwani, ambao Majengo ni sehemu yake, ulifunguliwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya mwanzo ya 1920. Nyumba nyingi zilizojengwa wakati ule zilifuata desturi ya pwani: ukumbi katikati, na vyumba upande huu na upande huu, kila chumba na watu wake. Tangu hapo magorofa yameongezeka, lakini hata leo jamaa wengi huishi katika chumba kimoja, wakishiriki bomba na choo pamoja na majirani. Tena katika mitaa mingi ya Nairobi maji hutoka kwa zamu. Kwa hiyo fundisho linalomwambia mtu atumie maji bila kuhesabu halimfai mkazi wa Majengo.

Mtungi mmoja wa lita 20 watosha kwa vifaa vya mchezaji mmoja, ukigawanywa hivi: lita 5 za kulowekea, lita 7 za sabuni, na lita 8 za kusuuzia mara mbili, yaani lita 4 kila mara. Siri yake ni kufuata mpango, kuanzia kitu kisafi mpaka kichafu zaidi. Jezi hutangulia, kisha kaptura, kisha soksi, kisha vikinga vya ugoko, na mwisho viatu. Maji ya sabuni yaliyofulia jezi bado yafaa kwa soksi. Yaliyofulia soksi yafaa kusugulia soli za viatu. Na yakiisha kazi hiyo yafaa kumwagwa chooni. Hakuna tone linalopotea.

JINSI YA KUFUA

Kazi ianze jioni ile ile ya mchezo. Kama hakuna maji siku hiyo, au kijana amechoka mno, angalau begi lifunguliwe, vitu vyote vitolewe, na vitundikwe mahali penye upepo. Kitu kilichokauka bila kufuliwa kina madhara machache kuliko kitu kibichi kilichofungiwa. Kama msomaji atasahau mengine yote yaliyoandikwa hapa, na alikumbuke hili moja.

Jezi, kaptura na soksi zigeuzwe ndani nje, kwa sababu jasho na mafuta hukaa upande wa ndani. Zilowekwe kwa muda wa nusu saa katika maji baridi au ya uvuguvugu. Maji yanayochemka hukunja poliesta na kubandua namba za mgongoni. Ikiwa harufu imekwisha kuzoea kitambaa, nusu kikombe cha siki nyeupe itiwe katika zile lita 5 za kulowekea. Siki huvunja nguvu ya harufu na husaidia kutoa mabaki ya sabuni ya zamani. Si lazima kufanya hivyo kila mara. Mara moja kwa juma yatosha.

Baada ya hapo nguo zikamuliwe na kufuliwa kwa maji ya sabuni. Mahali pa kusugua kwa bidii ni makwapani, kolani, na katika vidole na visigino vya soksi. Zisuuzwe mara mbili, kisha zianikwe juani zikiwa bado zimegeuzwa, kwa maana mwanga wa jua huua vijidudu vingi, na kazi hiyo hufanywa bila malipo. Kama kamba ya kuanikia iko nje, mtoto mmoja akae karibu nayo akisoma kitabu chake. Jezi nzuri hupendwa na wengi.

VIATU, VIKINGA NA GLAVU

Viatu vya mpira visitumbukizwe katika maji bila sababu. Kwanza vigonganishwe ili udongo uanguke. Kamba na soli ya ndani zitolewe na kufuliwa peke yake, maana soli ya ndani ndiyo iliyokunywa jasho. Upande wa nje usuguliwe kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Upande wa ndani upanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha kwa kitambaa kingine chenye maji safi.

Baada ya kuoshwa, viatu vijazwe magazeti ya zamani yaliyokunjwakunjwa. Karatasi hunyonya maji kwa nguvu sana. Baada ya saa mbili magazeti hayo yatolewe na kutiwa mengine makavu, na kabla ya kulala yabadilishwe tena. Viatu viwekwe kivulini penye upepo, ulimi ukiwa umevutwa nje, wala si karibu na moto. Vikiisha kukauka, kijiko kimoja cha soda ya kuokea kinyunyizwe ndani ya kila kiatu usiku, na asubuhi kikung'utwe. Soda hiyo hupunguza makali ya zile asidi zinazonuka. Lakini soda na siki zisitumiwe pamoja kwa wakati mmoja: hutoa povu la kupendeza macho, na kisha kila moja huwa imeumaliza uwezo wa mwenzake.

Vikinga vya ugoko vipanguswe kwa maji ya sabuni kila baada ya mchezo, hasa upande wa sponji unaogusa ngozi. Glavu za mlinda mlango zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo; zibonyezwe tu, zisisokotwe, na zikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali hukausha mpira wake ukapasuka. Glavu za ndondi hazitiwi majini kabisa: hupanguswa ndani, hufunguliwa wazi, na kujazwa magazeti kama viatu. Bendeji za mikono, ambazo ndizo zinazokunywa jasho la bondia, zifuliwe kila baada ya mazoezi.

HABARI YA AFYA

Pale penye unyevu na joto bakteria si wageni peke yao. Kuna pia ukungu unaoshika ngozi ya miguu, hasa baina ya vidole. Ngozi huwa nyeupe, hupasuka na kuwasha, na mtu akijikuna aweza kuupeleka ugonjwa kwenye kinena au mikononi. Huambukizwa kwa kuazimana soksi, taulo na viatu, jambo ambalo ni la kawaida katika timu za vijana. Vilevile mtu aliyechubuka gotini, akavaa kikinga kichafu cha mwenzake, aweza kupata jipu.

Tahadhari moja inahusu viatu vya mitumba. Soko la Gikomba liko hatua chache kutoka Majengo, na vijana wengi hupata viatu vyao vya kwanza huko kwa bei wanayoiweza. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini kiatu kilichokwisha kuvaliwa na mtu mwingine huenda kikawa na ukungu wake. Kabla ya kukivaa, soli ya ndani itupwe na kuwekwa mpya, au ifuliwe vizuri. Ndani pasuguliwe kwa sabuni. Na kiatu kikauke kabisa kwa siku mbili au tatu.

Mwenye dalili za ukungu na aoshe miguu kila siku, akaushe baina ya vidole, na anunue katika duka la dawa malhamu ya kuua ukungu, kama ile iitwayo klotrimazoli, akifuata maagizo yaliyoandikwa. Wengi huacha kupaka mara mwasho unapokoma, na baada ya juma ugonjwa hurudi. Yapasa kuendelea mpaka muda ulioagizwa utimie. Kama hapaponi, au mguu umevimba, aende kwenye zahanati.

KAZI HII NI YA NANI?

Katika nyumba nyingi kazi hii huachiwa mama, au dada wa mchezaji, ambaye hakuugusa mpira. Hiyo si haki, wala si malezi mema. Mtoto wa miaka kumi, mvulana kwa msichana, aweza kufua soksi zake na kujaza magazeti katika viatu vyake. Mzazi amwonyeshe mara mbili, amsimamie mara ya tatu, kisha amwachie. Yule ajuaye kwamba ataosha viatu vyake mwenyewe hujifunza kutovikanyaga kisigino na kutovitupa ovyo.

Viongozi wa timu nao wana sehemu yao. Katika bonde la Mathare, lisilo mbali na Majengo, chama cha michezo ya vijana kiitwacho Mathare Youth Sports Association, au kwa kifupi MYSA, kilianzishwa mwaka 1987. Chama hicho kiliweka desturi ambayo imesifiwa ulimwenguni: timu hupata alama za ligi si kwa ushindi wa uwanjani peke yake, bali pia kwa kufanya kazi ya kusafisha mtaa. Mwaka 1992 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikipa tuzo ya Global 500. Vijana wale walionyesha kwamba usafi si adhabu anayopewa mchezaji, bali ni sehemu ya mchezo wenyewe. Timu yoyote ya Majengo yaweza kuiga jambo hilo kwa kipimo kidogo. Nahodha na akague viatu na soksi kabla ya mazoezi, bila kumtahayarisha mtu mbele ya wenzake. Na jezi za timu zifuliwe kwa zamu, kila juma wachezaji wawili, wala zisirundikwe nyumbani kwa mama mmoja.

Na kama yuko kijana aliyekwisha kuanza kujitenga, kocha amwite kando, amweleze kwamba vijidudu hivyo vimo katika miguu ya kila mtu, hata ya kocha mwenyewe, na kwamba dawa yake ni magazeti na upepo. Maneno machache ya namna hiyo yamewahi kumrudisha mtoto uwanjani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Fungua begi jioni ile ile. Tundika kila kitu penye upepo.
2. Geuza nguo ndani nje, loweka nusu saa, tumia sabuni kidogo, suuza mara mbili.
3. Nguo zianikwe juani; viatu na glavu zikaushwe kivulini.
4. Badilisha magazeti ndani ya viatu mpaka yatoke makavu.
5. Usichanganye kamwe jiki na siki.
6. Usilale na jiko la makaa chumbani.
7. Usiazime soksi wala taulo ya mwenzako.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Begi lililofunguliwa Jumamosi ni kazi ya nusu saa. Lililofunguliwa Jumatano ni kazi ya siku nzima, na pengine ni jozi mpya ya viatu.